Fimbo ya Bwawa la Nne

Mwanamke ninayemsimulia hapa aliitwa muua samaki kwa miaka tisa, kuanzia mtaani kwake Kanyenye hadi kwenye magulio ya vijijini. Hakuua hata samaki mmoja. Walikufa kwa mkono wangu, nikamwacha yeye abebe lawama. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asije akaanza kunihurumia njiani kabla hajajua anamhurumia nani.

Shambani tulimwita Mpimaji. Jina lake silitaji, kwa sababu nililiandika mara moja kwenye karatasi na nikalichafua, na sijapata idhini ya kuliandika tena. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo nayaacha pia. Hayakuhusiana na kazi yake, ingawa watu walipotaka kumsema waliyatafuta hayo kwanza.

Shamba lilikuwa la mtu binafsi, nje ya mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Mabwawa sita ya samaki aina ya sato. Mwenye shamba tulimwita Tajiri, alikaa Dar es Salaam na kutuongoza kwa simu. Mimi nilikuwa msimamizi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, sauti nzito, na woga ambao wakati huo niliuita busara.

Lazima nieleze kazi yenyewe kidogo, vinginevyo ubaya wangu hautaonekana ulivyo. Samaki anavuta oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, kama sukari inavyoyeyuka kwenye chai. Ipo, lakini huioni. Ikipungua, samaki wanapanda juu na kufunguafungua midomo. Ikipungua zaidi wanakufa, na mara nyingi wanakufa kabla jua halijachomoza, kwa sababu gizani ule ukijani wa majini, yaani mwani, nao unavuta oksijeni ileile. Katika kila bwawa tulikuwa na kifaa cha kuipima: chuma cheusi cha urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole, kichwani kimefunikwa utando mwembamba, mkiani kina waya unaokwenda hadi kwenye sanduku ukutani. Sisi tulikiita fimbo. Sanduku lilionyesha namba. Namba ikishuka chini ya nne, mashine za hewa zinawaka zenyewe. Ikishuka chini ya tatu, taa nyekundu inawaka na king'ora kinalia. Namba ikiwa nzuri, mashine zinazima. Sanduku halina macho, linaamini fimbo. Na fimbo inaeleza habari za pale ilipo tu, haijui za kona nyingine.

Kazi ya Mpimaji ilikuwa kuhakikisha fimbo hazidanganyi.

Kila asubuhi alifika akiwa na kanga mbili, viatu vya mpira vya kiume na kopo la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo hakumgawia mtu. "Shikamoo, msimamizi." "Marahaba." Hapo ndipo adabu yake ilipoishia kwa siku hiyo. Alivuta fimbo moja baada ya nyingine na kufuta ule ute unaoganda kwenye utando, kwa kitambaa cha fulana ya pamba kilicholoweshwa. Kitambaa kingine hakukikubali. Aliweza kusimama dakika tano nzima akiitazama namba itulie, na ukimsemesha alinyoosha kiganja nyuma bila kugeuka, kama unavyomzuia mbuzi.

Cha ajabu ni kwamba aliogopa maji. Hakujua kuogelea, na ubao wa kwenda katikati ya bwawa aliupita ameshika kamba kwa mikono miwili, midomo ikinong'ona dua. Walishaji walimcheka. Tena hakula samaki. "Harufu," alisema, akikunja uso, huku amesimama katikati ya maelfu ya samaki ambao alikuwa anajua walivyolala usiku kuliko alivyojua watoto wa dada yake.

Alikuwa na ulimi. Siku mashine zilipofungwa shambani kwa mara ya kwanza, alikuja fundi kijana kutoka Dar na begi la magurudumu. Akabonyeza vitufe, akafunga sanduku, akaanza kukunja waya zake.

"Mwinuko umeweka ngapi?" Mpimaji akamwuliza.

"Mwinuko gani, mama?"

"Wa hapa. Kutoka usawa wa bahari."

"Hiyo si lazima. Mashine inajua."

"Inajua Dar. Tabora haijafika hata siku moja."

Sote tulicheka, na fundi akacheka pia, lakini yeye hakuwa anatania. Alifungua kitabu cha mashine mahali alipokuwa amekunja ukurasa. Huku kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo na maji yanabeba oksijeni pungufu. Sanduku likiachwa na hesabu ya pwani litatudanganya kila siku. Litasema nne wakati samaki wana tatu na nusu.

"Mama umesomea wapi haya?" fundi akauliza, akiwa ameshafungua sanduku tena.

"Kwenye kitabu ulichokiacha ndani ya nailoni yake."

Tajiri aliposimuliwa kwa simu alifurahi, akasema huyo mama apewe kofia. Hakuwahi kuletewa kofia.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi na mara nyingine hakuwa na haki. Kuna mlishaji aliyeitwa Maganga, mtu mpole wa kijiji cha jirani, aliyekuja kazini kwa baiskeli. Siku moja kile kitambaa cha pamba hakikuonekana. Mpimaji akamsimamisha Maganga mbele ya wenzake wote, akamwambia amekichukua kufutia mnyororo wa baiskeli. Maganga akaapa. Mpimaji akamwambia mwongo hata akiapa kwa Kinyamwezi na Kiswahili pamoja bado ni mwongo. Wiki mbili baadaye kitambaa kilionekana ndani ya mkoba wa Mpimaji mwenyewe, chini ya karatasi. Hakuomba radhi. Asubuhi iliyofuata aliweka kopo lake la michembe mbele ya Maganga, akaenda zake, na siku hiyo hakula kitu. Maganga aliila yote.

Hata umri wake alidanganya. Kila mtu alimtajia miaka tofauti, na ukimbana alisema umri si maji. Lakini kwenye daftari lake la namba sikuona hata mara moja namba iliyokatwa na kuandikwa nzuri zaidi. Nililikagua lile daftari miaka minne. Mwishowe nikawa naweka sahihi chini bila kusoma, kwa sababu nilijua ni kweli. Naudhika hadi leo ninapokumbuka kwamba nilijua.

Sasa nifike kwenye bwawa la nne.

Ilikuwa masika, mawingu siku tatu bila jua. Maji yasipopata jua, ukijani hautoi oksijeni, na namba zinaporomoka. Mpimaji alikuwa amefiwa na mama yake mdogo, na mimi ndiye niliyempa ruhusa ya siku tatu, kwa mdomo. "Nenda, dada. Kazi ipo tu," nilimwambia. Siku ya tatu akanipigia simu kutoka msibani, nyuma yake nasikia wanawake wakisoma Kurani.

"Bwawa la nne ngapi?"

"Tatu na kitu."

"Kitu gani?"

"Tatu nukta moja."

"Msilishe. Mashine ziachwe ziwake. Na usiku mtu asimame pale."

Nikasema sawa. Mchana Tajiri naye akapiga. Kesho yake anakuja na wageni kutoka Dar, watu wakubwa, wanataka kuona shamba linaloendeshwa kisasa. Wakati tunaongea king'ora kilikuwa kinalia, maana namba ilikuwa imefika mbili nukta nane.

"Hicho nini?" akauliza.

"Bwawa la nne, bosi. Hewa imeshuka."

"Mimi nisikute hicho kitu kinalia mbele ya watu. Unanisikia, mzee? Kama huwezi kunyamazisha kengele, nitatafuta anayeweza."

Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Kuna maneno ukiambiwa katika umri huo na mtu mdogo kwako, unaanza kuhesabu mishahara iliyobaki kabla ya kustaafu. Huo si utetezi. Naeleza tu hesabu yangu ilivyokuwa.

Saa tisa alasiri nikapanda ubao, nikafungua fimbo kwenye kona ya mbali alikoifunga Mpimaji, kona ambako maji yanalala na hali ni mbaya kuliko kote, nikaivuta hadi chini ya bomba la maji mapya. Pale maji yanaanguka kutoka kwenye tanki, yanachapika, yanajaa hewa. Ndani ya dakika mbili namba ikawa sita. King'ora kikanyamaza. Taa ikawa ya kijani. Mashine za hewa, kwa kuamini kwamba bwawa zima limeshiba, zikazima.

Maganga alikuwa amesimama ukingoni na ndoo. Aliniona tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilifika kesho yake kukianza kupambazuka. Bwawa la nne lilikuwa jeupe. Matumbo ya samaki, kutoka ukingo hadi ukingo, na chini ya bomba kakundi kadogo ka walio hai kanazunguka palepale. Nimeulizwa, na nimejiuliza, nilihisi nini. Nitasema nilichofanya, maana ndicho kinachohesabika. Sikupiga simu. Sikuita mtu. Nilipanda ubao nikairudisha fimbo kwenye kona yake, nikaifunga vizuri.

Niliposhuka, Maganga alikuwa pale tena. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mzee, mimi sijaona kitu." Miezi michache baadaye alihamia Kahama, na sijamlaumu. Alijifunza kwangu.

Mpimaji alikuja akiwa bado na kanga za msiba. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, kwa sababu sanduku linatunza namba za siku zilizopita, akazirudisha nyuma kwa kidole. Tajiri alikuwa ameshafika, wageni wameachwa hotelini.

"Hapa, jana saa tisa na dakika kumi, mbili nukta nane," alisema. "Saa tisa na dakika kumi na mbili, sita. Maji hayapandi namna hii. Mtu aliihamisha fimbo, halafu akairudisha."

"Au haikusafishwa, ikachanganyikiwa," Tajiri akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Msibani. Kwa ruhusa."

"Ruhusa ya nani? Iko wapi?"

Akanigeukia. Si kwa kuomba. Alinitazama jinsi alivyokuwa akiitazama namba, akisubiri itulie.

Nikasema, "Hakuna ruhusa ya maandishi."

Ilikuwa kweli. Uongo wangu wote siku ile niliujenga kwa vipande vya kweli, ndiyo maana ulisimama. Jioni Tajiri akataka barua, nami nikaiandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: kwamba Mpimaji aliacha kituo, kwamba fimbo zilikaa siku tatu bila kusafishwa, na kwamba aliwahi kumsingizia mfanyakazi mwenzake wizi, hivyo kauli zake zipokelewe kwa tahadhari. Hicho cha mwisho hakuna aliyeniomba. Nilikiongeza mwenyewe.

Mpimaji akafukuzwa, akaondoka na mkoba wake. Wauza duka wa Kanyenye, ambao hawakuwahi kuliona bwawa lile, walipata mzaha wa bure. "Mpimaji, leo umeua wangapi?" Akipita na kapu la mboga: "Mchicha unapumua huo?" Niliyasikia haya kwa masikio yangu, nimekaa kwenye benchi la kinyozi, na nilitabasamu pamoja na wengine. Mashamba mawili yalitaka kumchukua, yakanipigia mimi kuuliza habari zake. Mara zote mbili nilisema, "Ujuzi anao, lakini." Nikaishia hapo. Hawakuuliza zaidi. Nikakata simu nikanywa chai.

Watu wa umri wangu wanapenda kusema mambo yaliwafika. Hayakunifika. Niliyafanya, kwa siku moja, kisha nikayafanya tena kila siku niliyonyamaza, miaka tisa. Na yeyote aliyeko kwenye kazi ya kupima, awe anapima maji au barabara au dawa, akiambiwa na mkubwa wake anyamazishe kengele, ajue anaagizwa nini. Mimi nilijua.

Shamba lilifungwa baadaye kwa sababu nyingine. Nikastaafu, nikalima maharage. Mwaka huu nikasikia kwamba Mpimaji amehamia kwa mdogo wake upande wa Isikizya, na kwamba kuna kikundi cha akina mama wamechimba bwawa la sato na wamepewa kipimo cha mkononi, fimbo yenye kisanduku chake. Yeye ni mwanachama, lakini wamemkataza kukigusa. Kazi yake ni kukata majani ya kurutubishia maji. Aliyeniambia haya alicheka. "Si unamjua yule? Wasije wakamaliza samaki."

Nikapanda bodaboda asubuhi iliyofuata.

Nilimkuta kwenye njia ya bwawani na mzigo wa majani kichwani. Alikuwa amekonda, lakini shingo ileile. Alinitambua mara moja. Hakunipa shikamoo.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, dada. Nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya yale ya shambani."

"Yapi?"

"Unayajua."

"Mimi nayajua. Nimekuuliza wewe."

Nikamwambia pale njiani, kwa sauti ya chini, yote: bomba, ubao, barua, zile simu mbili. Alisikiliza bila kutua mzigo. Nilipomaliza akasema, "Habari hii unaniletea mimi ya nini? Mimi tangu siku ile saa tatu asubuhi nilikuwa nayo. Wasioijua wako kule." Akaonyesha kwa kidevu.

"Nilidhani tuanze sisi wawili."

"Sisi wawili tumeshamaliza. Pita mbele."

Kwenye bwawa kulikuwa na akina mama tisa au kumi. Mwenyekiti wao, Mama Kulwa, mwanamke mpana aliyejifunga kitenge kifuani, alikuwa ameshika kipimo ndani ya mfuko wake wa nailoni kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake. Walinikaribisha kigoda. Nikakataa kukaa. Nikasema mimi ni nani na nilikuwa nani, na kwamba kuna jambo juu ya mwenzao.

"Pale shambani," nikaanza, "yalitokea makosa katika uendeshaji—"

"Makosa ya nani?" Mpimaji akauliza kutoka nyuma. Alikuwa ametua mzigo, anafuta jasho.

Nimehutubia mikutano maishani mwangu. Sijawahi kuisikia sauti yangu ikiwa ndogo vile.

"Yangu," nikasema. "Samaki niliwaua mimi. Nilihamisha fimbo ili kengele inyamaze. Asubuhi nikairudisha, nikaandika barua kwamba ni yeye. Yeye hakuwepo, alikuwa msibani, na ruhusa nilimpa mimi. Alipiga simu akanionya, nikaitikia sawa."

Samaki mmoja aligusa juu ya maji kwa mdomo, kisha mwingine.

"Na kwa nini hukusema, miaka yote hiyo?" Mama Kulwa akauliza.

"Niliogopa kazi yangu."

"Kazi ulistaafu lini?"

"Miaka minne iliyopita."

Mama mmoja akasonya, msonyo mrefu, wa kunifikia. Mwingine akasema kwa mwenzake, bila kupunguza sauti, "Na mvi zote hizo." Nilitaka waseme zaidi, na walivyonyamaza nikajua hawakuwa na haja na mimi tena.

Mama Kulwa akakitazama kipimo, akamtazama Mpimaji. Kisha akamwendea na kumpa, kwa mikono miwili. Mpimaji hakusema asante. Alikitoa kwenye nailoni, akakigeuza, akautazama utando kwenye mwanga, akaomba kitambaa safi kilicholowa. Mtu akakimbia kukileta.

"Sogea huko," aliniambia alipotaka kupita. Nikasogea.

Akafika mwisho wa ubao, ameshika kamba kwa mkono mmoja, akashusha kipimo kwenye kona ambako maji yalikuwa yamelala. Mama aliyekuwa na ndoo ya chakula cha samaki alikuwa ameshaingiza mkono tayari kurusha. Tukasubiri. Ilichukua muda.

"Mbili nukta tisa," Mpimaji akasema bila kugeuka. "Leo msilishe."

Yule mama akatoa mkono, akaiweka ndoo chini.